Tanzania ianze na makutano ya data, ukumbi wa seva ufuate

Swali la wiki: Tanzania ianzie wapi ikitaka kuongoza Afrika Mashariki katika huduma za klaudi, yaani kukodisha kupitia intaneti kompyuta za kuhifadhi na kuchakata data (seva)? Nasema ianze na makutano ambako kampuni zote za intaneti hupeana data humu humu nchini.

Kenya imepita njia hiyo. KIXP, makutano ya aina hiyo ya Nairobi, ilizinduliwa mwaka 2000, ikafungwa muda mfupi baadaye kwa malalamiko ya Telkom Kenya iliyokuwa na ukiritimba, ikarudi 2002. Kwa takwimu za Internet Society, mwaka 2012 asilimia kama 30 ya data ya Wakenya ilipatikana ndani ya nchi. Mwaka 2020 ilifika 70.

Umbali una gharama. Mwanga ndani ya mkongo huenda km 200,000 hivi kwa sekunde, hivyo kila km 1,000 ni milisekunde 10 kwenda na kurudi. Seva ikiwa Ulaya, km 8,000 za mkongo, kila ombi kutoka Dar hupoteza milisekunde 80 hata kabla ya kushughulikiwa, na malipo ya simu hupiga maombi kadhaa mfululizo.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mkongo wa baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Hapa wengi hukosea: wanahamishia seva Dar lakini DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za seva) na mfumo wa kuthibitisha nywila wanaiacha nje ya nchi. Mkongo ukikatika, seva ni nzima, taa zinawaka, na hakuna anayeweza kuingia. Mifumo hiyo miwili ihamishwe kwanza!

Umeme nao. Kwa joto la Dar, megawati 1 ya seva huhitaji kama 1.5 ukijumlisha upoozaji. Saa 48 za jenereta kwa mzigo huo ni dizeli lita 19,000 hivi. Jenereta ijaribiwe kila mwezi ikibeba mzigo halisi, maana betri zilizochoka na swichi ya kuhamisha umeme ndizo huangusha vituo, na ukiwasha jenereta bila mzigo huoni kasoro hizo.

Kisha serikali iwe mteja wa kwanza, kwa mkataba mkali. Ahadi ya huduma kuwa hewani asilimia 99.9 ya muda inaruhusu karibu saa 9 za kuzimika kwa mwaka, 99.99 ni dakika 53 tu. Idai hiyo ya pili, faini iandikwe, na mtoa huduma alazimike kurudisha data yote katika muundo ambao mshindani wake anaweza kuusoma.