Diski Ina Nafasi, Kompyuta Inasema Imejaa

Vijana wanaoniletea laptopu zao hapa Arua, Uganda, wengi wana lalamiko moja. Wanajenga programu ya Linux kutoka kwenye msimbo wake, gcc (programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa) inakwenda vizuri, halafu ghafla inakatika na ujumbe `No space left on device`. Wakiangalia diski, gigabaiti kibao bado ziko wazi. Basi wanaanza kufuta picha za harusi na filamu. Jamani, msifute kitu kwanza!

Soma ujumbe wote. Ukiona humo jina linaloanza na `/tmp/cc`, kilichojaa ni `/tmp`, mahali gcc inapoweka faili zake za muda. Andika:

`df -h /tmp`

Safu ya kwanza ikisema `tmpfs`, folda hiyo haiko kwenye diski kabisa, iko ndani ya RAM, na kwa kawaida hupewa nusu yake. Laptopu ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 4 inapata `/tmp` ya kama gigabaiti 2 tu. Fedora wamefanya hivyo tangu toleo la 18, na Debian wakafuata katika toleo la 13, mwaka 2025. Kwa hiyo mashine iliyokuwa ikijenga bila shida inaweza kugoma baada ya kusasishwa, na mwenyewe hajagusa kitu.

Dawa ninayoipenda ni kuzihamishia faili za muda kwenye diski. TMPDIR huiambia gcc iziweke wapi, na `make` ndiyo amri inayoendesha ujenzi wote:

`mkdir -p ~/muda`
`export TMPDIR=~/muda`
`make`

Fanya yote katika terminali ileile. Usitumie sudo (amri ya kupata mamlaka ya msimamizi) wakati wa kujenga, kwa sababu mara nyingi huitupa TMPDIR njiani. Sudo iache kwa ajili ya `make install`, yaani kusakinisha. Hata pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, huiheshimu TMPDIR.

Kuna wanaoshauri kuipanua `/tmp` kwa `mount -o remount,size=3G /tmp`. Kwenye RAM ya 16, sawa. Kwenye RAM ya 4 sikushauri: faili za muda na gcc vitagombania kumbukumbu ileile, na mwishowe keneli, yaani kiini cha Linux, itaua programu mojawapo, huenda gcc yenyewe. Afadhali upunguze kazi zinazokwenda pamoja, `make -j2` badala ya `-j8`.

Kama `/tmp` iko kwenye diski na nafasi ipo, jaribu `df -i`. Faili ndogondogo zikizidi, inodi (kila faili huhitaji moja, na idadi yake ina kikomo) huisha kabla ya gigabaiti.

Na umeme wetu mnaujua. `/tmp` ya RAM hujisafisha mashine ikizimika, lakini `~/muda` hubaki na mabaki, kwa hiyo ifagie mwenyewe. Angalia pia faili za `.o` (vipande ambavyo gcc hutoa kabla ya kuunganishwa kuwa programu) zilizokuwa zikiandikwa umeme ulipokatika. Make huangalia tarehe tu, hudhani zimekamilika, kisha kiunganishi kinalalamika `file truncated`. Piga `make clean`, anza upya.