Moyo hupoa kidogo kidogo
Ndugu yangu, unauliza inakuwaje mtu aliyeokoka, asiye na dhambi ya wazi, ajikute amepoa asijue ni lini. Mtazame Petro, mwanafunzi wa Yesu, usiku ule Bwana wake alipokamatwa: aliambiwa akeshe, akalala, akamfuata Bwana kwa mbali, akaota moto na watumishi. Kumkana kulikuja mwisho. Mimi nilishtuka siku nilipofungua Biblia nikakuta utepe uko ukurasa uleule wa wiki tatu nyuma, na ibada sikukosa hata moja! Anza kesho na Zaburi moja, kwa sauti, kabla hujashika simu. Kisha mwombe mwamini mmoja unayemwamini akuulize kila wiki, "Umeomba?" Mjibu kweli, hata kama ni hapana.