Jibu: Barafu inaisha kabla ya saa nane mchana

Habari mkuu. Umesema unauza samaki, unachukua mabonge manne ya barafu soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, alfajiri, unayalaza kwenye friji bovu huko Mbagala, saa nane unakuta maji matupu na samaki wa jioni bado wapo.

Kabla hujanunua chochote, angalia chini ya friji. Maji yamesimama? Basi hayo ndiyo yanayokumaliza. Bonge likikaa kwenye maji linaliwa kwa chini hata ulifunike vipi. Mimi nilitoboa tundu chini kabisa pembeni, nikachomeka kipande cha mpira wa maji ili yatoke nje, nikalaza mbao mbili ili barafu isiguse sakafu.

Halafu maranda. Yaombe kwa seremala, yawe makavu; yakilowa yaanike, hayazuii joto tena. Mabonge yabane yagusane, zungushia maranda unene wa kiganja mpaka juu. Wenzetu wa nchi za baridi walikuwa wanakata barafu ziwani na kuitunza hivyo hadi kiangazi. Mwaka 1833 meli ilitoka Boston na shehena ya barafu, ikasafiri miezi minne hadi Calcutta, na zaidi ya nusu ikafika. Sisi tunatafuta masaa kumi tu!

Samaki wasikae humo, wawe na deli lao. Bonge la kuponda lisuuze kwanza maranda yatoke. Na usifungue kila mteja anapokuja. Mimi nafungua mara mbili, saa tano na saa kumi, na bonge la mwisho linaniganda vidoleni.