Maswali na majibu: Irma Stern, studio yake na mbao za Unguja

Picha za zamani za Irma Stern, mchoraji wa sura za watu, akiwa studioni kwake Cape Town, zimeniletea barua nyingi. Nachukua chache.

Swali: Shikamoo. Huyu mama ni nani hasa, na Unguja alifuata nini? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Ni Mwafrika Kusini, aliyezaliwa 1894 kwa wazazi Wayahudi wa Kijerumani. Uchoraji aliusomea Ujerumani, na mchoraji wa Kijerumani Max Pechstein ndiye aliyemshika mkono. Maonyesho yake ya 1922 mjini Cape Town yalizomewa, hadi polisi wakaja kuchunguza kama picha zinavunja maadili! Tangu 1933 mpaka vita kwisha alikataa kukanyaga Ujerumani ya Hitler, safari zake akazielekeza humu barani: Unguja 1939 na 1945, Kongo 1942, 1946 na 1955. Alifuata nyuso. Mashekhe, mabibi harusi, wasichana wa Kibohora, yaani Waislamu wenye asili ya Kihindi.

Swali: Fremu za picha zake mbona zimechongwa kama mlango wa Mji Mkongwe?

Kwa sababu ni mbao za milango ya Unguja hasa. Alizibeba akazigeuza fremu. Tazama kwa karibu: utaona maua ya duara yaliyopangwa mstari na mnyororo ukizunguka pembeni, nakshi ile ile ya kwenye fremu za milango yetu. Hata nyumba yake ya Rosebank, mtaa wa Cape Town, iliyogeuzwa makumbusho baada ya kifo chake cha 1966, aliitia mlango wa Kizanzibari. Studio iliachwa na stendi yake ya kuchorea na brashi zake, na vyumba vingine vilijaa vitu vya safari, kikiwemo kigoda cha Kongo kilichochongwa na fundi wa Buli, kijiji cha huko. Mimi fremu hizo zinanifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Mbao zimepona mchwa, sawa, lakini mlango uliokatwa vipande haurudi ukutani.

Swali: Picha ya studioni haina tarehe nyuma. Nitajuaje ni ya mwaka gani?

Achana na gauni lake, mtu huvaa gauni miaka kumi. Tazama kazi iliyo kwenye stendi. Stern alikuwa na desturi ya kuandika jina na mwaka pembeni mwa mchoro, basi chukua lenzi. Ukisoma 1945, picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, ingawa yaweza kuwa ya baadaye sana. Mwaka usiposomeka, linganisha mchoro na zile zilizochapishwa. Rangi usizikisie: picha ya nyeusi na nyeupe imemeza manjano na nyekundu zake zote, na rangi ilivyopakwa nene utaiona tu pale mwanga unapopiga ubavuni.

Swali: Waliochorwa ni akina nani? Kwetu Malindi, Unguja, wazee husema kuna bibi yetu aliyekaa akachorwa na Mzungu mwanamke.

Hapo ndipo pananikera. Mchoraji tunamjua mpaka kigoda chake, lakini aliyekaa mbele yake mara nyingi ameachwa bila jina, anatajwa kwa kabila, dini au kazi tu. Anzeni na kitabu chake kiitwacho Zanzibar, cha 1948, kina michoro ya watu wa huko. Wazee waonyesheni kurasa bila kuwatajia jibu mnalolitaka, na watakalosema liandikwe siku hiyo hiyo.

Swali: Thamani ya michoro yake ni kiasi gani?

Picha ya shekhe aliyoichora 1945 iliuzwa London mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Mimi napenda zaidi habari ya mchoro wa Mwarabu aliyevaa nyeusi, wa 1939. Ilitolewa inadiwe kuchangia utetezi wa Mandela na wenzake katika kesi ya uhaini. Miaka mingi baadaye ilikutwa jikoni mwa nyumba moja London, imegeuzwa ubao wa kubandikia barua na bili. Mwaka 2015 ikanunuliwa kwa zaidi ya pauni 800,000.