Muulize Fundi: Tarehe Inayogeuka Magharibi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni msomaji wenu wa Pangani. Tumerithi saa ya ukutani ya marehemu babu, ya mbao, usoni imeandikwa Ansonia. Ina mishale mitatu: wa saa, wa dakika, na mmoja mrefu unaoelekea tarakimu 1 hadi 31 zilizozunguka ukingoni. Tangu tukiwa wadogo saa hii inasomwa Kiswahili, jua likizama mishale iko kwenye 12, na hivyo ndivyo inavyogonga. Shida ni mbili. Tarehe inageuka wakati wa adhana ya magharibi badala ya usiku wa manane. Halafu Juni ilipokwisha ikatuonyesha tarehe 31. Fundi wa hapa anasema mashine imechakaa, tuing'oe atutilie ya betri. Tumkubalie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo fundi mwambie kwanza aweke bisibisi chini. Kwa hayo mawili uliyoniandikia, saa yenu haina ugonjwa wowote.

Nyuma ya uso, pale ulipochomekwa mshale mfupi (sisi wazee tunauita akrabu), kuna gurudumu dogo la meno. Hilo linazungusha jingine lenye meno mara mbili yake, kwa hiyo akrabu ikizunguka mara mbili, hilo kubwa linazunguka mara moja: saa 24 kamili. Juu yake kuna kijisumari. Kila likimaliza mzunguko, kijisumari kinasukuma jino moja la gurudumu la tarehe, ambalo lina meno 31. Basi, siri imekwisha. Hesabu ya miezi haimo humo ndani.

Mmarekani wa kampuni ya Ansonia aliyeitengeneza alikusudia kijisumari kisukume mishale ikiwa kwenye 12 ya usiku. Kwake yeye hiyo ni saa sita ya usiku. Kwa babu yako, 12 hiyo ndiyo magharibi. Saa haichungulii dirishani kuona kama kuna jua au nyota. Imefika 12 yake, imegeuza.

Mimi mwenyewe nimewahi kulikosea gurudumu hilo. Nilikuwa mwanagenzi kwa mjomba wangu hapa Mombasa, nikafungua saa ya bibi mmoja wa Kibokoni, nikaisafisha vizuri, nikarudisha gurudumu la saa 24 likiwa limegeuka nusu mzunguko. Tarehe ikawa inageuka saa sita mchana. Bibi akaja dukani siku ya tatu: "Fundi mdogo, tarehe yangu inahama mchana kweupe, kama mpangaji asiye na deni." Mjomba alicheka mpaka akavua miwani. Nikaifungua tena bila malipo.

Sasa la tarehe 31. Saa ya aina hii husukumwa kwa mkono mara tano kwa mwaka: mwisho wa Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba. Mshale wa tarehe unaupeleka mbele kwa kidole, taratibu. Usifanye hivyo saa mbili tatu kabla au baada ya magharibi, maana kwenu ndipo kijisumari kimeshikana na jino. Ukilazimisha utavunja kitu. Fanya asubuhi, siku ileile unayotia ufunguo.

Zipo saa zinazojua miezi. Henry Horton wa Ithaca, jimbo la New York, alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya saa ya namna hiyo mwaka 1865, na kampuni ya Ithaca iliyoanza 1868 ikazitengeneza kwa wingi. Ndani mna sahani yenye mapengo ya kina tofauti kwa miezi mifupi, na kigurudumu kinachozunguka mara moja kwa miaka minne kwa ajili ya Februari. Ni kazi ya kupendeza, ila ikiharibika inamtoa fundi jasho. Nafurahi kwamba yako ni ile nyepesi.

Na kuitupa mashine, hapana. Ansonia walisimama mwaka 1929, mitambo ikauzwa Urusi ya Kisovieti. Kamani na magurudumu ya shaba vya wakati ule, vikisafishwa na kutiwa mafuta kidogo (si ya cherehani, na ya kupikia ndiyo kabisa usithubutu), vinaendelea kwenda.

Ukitaka tarehe igeuke saa sita ya usiku na saa zibaki za Kiswahili, inawezekana. Fundi atatoa uso, atalichomoa lile gurudumu la saa 24 na kulirudisha likiwa limegeuzwa robo mzunguko, ambayo ni saa sita. Usikubali akuzungushie mishale tu kwa saa sita, kwa sababu hapo mtakuwa mmehamia saa za Kizungu, na kengele nayo itagonga za Kizungu.

Lakini kabla ya hayo yote kamuulize bibi yako, au yeyote aliyekuwa akimwona babu akitia ufunguo. Siku ya Kiislamu inaanza magharibi, wakati uleule saa yenu inapogeuza. Miezi yake ni ya siku 29 au 30, haifiki 31 kamwe, kwa hiyo mtu anayehesabu kwa mwezi mwandamo angeusukuma mshale kila mwezi, baada ya kuuona mwezi, na saa ya Ansonia ingemtumikia bila ya kuguswa gurudumu hata moja. Kama babu alikuwa akisimama kwenye kiti asubuhi baada ya mwandamo wa Ramadhani na kuupeleka mshale kwenye 1, basi bisibisi haina kazi hapo. Kama hakuna anayekumbuka hivyo, ifungeni vizuri kwa blanketi, mshale wa tarehe ukiwa umefungwa kwa uzi, mniletee.