Mwanangu hana makaratasi: je, chuo kitamtaja?

SWALI: Mhariri, salamu. Mwanangu alipelekwa Marekani na marehemu baba yake akiwa na miaka 9, kwa viza ya matembezi ambayo muda wake uliisha bila wao kurudi. Sasa ana miaka 20 na yuko chuo mwaka wa pili, lakini hana makaratasi. Hunituliza kwamba chuo hakiruhusiwi kutoa taarifa zake. Juzi, baada ya kikao cha ukoo hapa Nkuhungu, shemeji yangu alirusha kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya mwanangu akiwa amevaa fulana yenye jina la chuo, na chini yake akaandika: "Tumwombee kijana wetu apate makaratasi." Tangu siku hiyo silali. Je, chuo kinamlinda kweli?
Mama, Dodoma.

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa kukesha. Mwanao hakukudanganya. Marekani ina sheria ya mwaka 1974, maarufu kwa kifupi cha FERPA, inayovikataza vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kutoa kumbukumbu za mwanafunzi bila ridhaa yake ya maandishi, na ulinzi huo haubagui mwenye makaratasi na asiye nayo. Ofisa wa uhamiaji anayefika na ombi la mdomo tu hapaswi kupewa faili. Hata wewe mzazi ukipiga simu chuoni unaweza kukataliwa, kwa kuwa mtoto akishaingia chuo haki hizo huwa zake mwenyewe. Tafadhali usilichukulie kama dharau.

Hata hivyo, ulinzi huo una mianya. Amri ya mahakama au hati ya wito iliyotolewa kihalali inaweza kukilazimisha chuo kutoa kumbukumbu, ingawa kwa kawaida chuo hutakiwa kujitahidi kumjulisha mwanafunzi kwanza ili apate nafasi ya kupinga. Waliokwenda kwa viza ya masomo wana utaratibu mwingine, kwa sababu vyuo hupeleka habari zao serikalini. Huko mwanao hayumo.

Mwanya unaonitia wasiwasi zaidi ni ule ambao wanafunzi wengi hawaujui. Sheria inakiruhusu chuo kutenga taarifa kinazoziita za kawaida, kama vile jina, anwani, simu, picha, tarehe ya kuzaliwa na hata mahali pa kuzaliwa, na kuzitoa bila kumwomba mwanafunzi ridhaa, isipokuwa kama yeye mwenyewe amekwisha kukataa kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa. Kwa kijana aliyezaliwa Dodoma na asiye na makaratasi, mstari huo mmoja wa mahali pa kuzaliwa si jambo dogo. Fomu ya kukataa huulizwa katika ofisi ya msajili wa chuo.

Aidha, sheria hii inalinda kilichoandikwa katika kumbukumbu. Haimfungi mdomo mhadhiri aliyesimuliwa habari hizo kwenye korido, wala haifiki kabisa kwenye simu zetu za Nkuhungu. Picha ile imeweka pamoja sura, chuo na hali yake ya uhamiaji, mambo ambayo chuo chenyewe kisingeruhusiwa kuyatoa pamoja. Najua shemeji alikusudia mema. Mpigie mwanao leo umwulize kama amejaza fomu hiyo, kisha mfuate shemeji nyumbani kwake, si kwenye kundi, umwombe aifute na awasihi mmoja mmoja waliokwisha kuipakua wafanye vivyo hivyo.