Kabati la kujengea au la kusimama? Tazama kwanza linashikwa na nini

Wiki hii umeingia ujumbe wa msomaji. Ana ukuta mtupu wa mita 2.4, dari iko sm 245 kutoka sakafuni, fundi anamshauri ajengewe kabati la nguo, na dukani ameona la kusimama lenye urefu wa sm 240. Anauliza lipi linapendeza. Hilo la kupendeza aliweke kando kidogo. Milango ikishafungwa na rangi ikiwa moja, wageni wengi hawatajua lipi ni lipi.

Tofauti iko kwenye kinacholishika. Kabati la kujengea limeshikwa na nyumba: ukuta, sakafu na dari ndiyo mifupa yake. La kusimama hujishika lenyewe kwa miguu yake, uzito wake na ule ubao mwembamba wa mgongoni ambao watu huudharau. Kanuni za Marekani zilizoanza kutumika Septemba 1, 2023, chini ya sheria iitwayo STURDY ya kuzuia makabati ya nguo yasiwaangukie watoto, zinatenganisha makabati kwa njia hiyohiyo. La kusimama ni lile linalobaki wima bila kufungwa popote, likiwa tupu na milango na droo zote zimefungwa. Kulifunga ukutani kwa mkanda wa kuzuia lisianguke hakuligeuzi kuwa la kujengea. Kanuni hizo zinaanza kuhesabu kwenye urefu wa inchi 27 tu, yaani karibu sm 69, kimo ambacho wengi wetu tungekiita kisanduku cha droo na kukipita bila kukitazama mara mbili.

Sasa lile la sm 240 chini ya dari ya sm 245. Linaonekana lina nafasi, lakini makabati mengi ya kusimama huunganishwa yakiwa yamelazwa chini, kisha yanainuliwa. Wakati wa kuinuka, kinachohitaji nafasi ni kona kwa kona ya ubavu, si urefu wake. Kama kina chake, yaani mbele hadi nyuma, ni sm 60, zidisha 240 kwa 240, ongeza 60 kwa 60, unapata 61,200. Kipeuo chake cha pili ni kama 247.4. Kabati litakwama kwenye dari likiwa limeinamia ukuta, na wanaolisukuma watavunja maungio ya chini. La sm 235 lenye kina hichohicho linahitaji sm 242.5, kwa hiyo linapita. Usitoe hela kabla ya kupiga hesabu hii. Ni ya dakika moja.

Likishasimama, angalia mstari wa juu wa milango. Mlango mmoja ukiwa juu kuliko mwenzake, usikimbilie kugusa bawaba! Mara nyingi sakafu ndiyo yenye kosa: kona moja ya mbele imezama milimita tatu au nne, na boksi zima limepinda kidogo. Pitisha kabari nyembamba chini ya kona hiyo, isukume taratibu, na utaona milango ikijipanga yenyewe. Bawaba zinarekebishwa mwisho. Ukianza nazo utakuwa unaficha boksi lililopinda, na droo zitaanza kung'ang'ania.

Ubao wa mgongoni nao una kazi kubwa. Kabla ya kuupigilia, pima kona kwa kona, ulalo mmoja kisha wa pili. Vipimo vikilingana, kona zote za boksi ni pembemraba. Piga misumari kila baada ya sm 10 hadi 15. Kabati likiburutwa likiwa na nguo ndani, ubao huo ndio hung'oka kwanza, na baada ya hapo kabati hutikisika kila unapofungua mlango. Toa nguo, toa droo, linyanyueni wawili. Kama limetengenezwa kwa mbao za unga wa mbao, jua pia kwamba kila ukilifungua na kuliunganisha upya, matundu ya skrubu yanalegea.

Halafu kuna kuanguka. Hapa sibembelezi mtu. Kabati tupu lililofungwa hudanganya kwa utulivu wake. Vuta droo mbili zilizojaa, uzito unasogea mbele ya miguu. Mtoto akikanyaga droo ya chini ili afikie ya juu, limekwisha. Zulia laini linaongeza hatari kwa sababu miguu ya mbele huzama. Funga vyuma viwili vya pembe juu, kimoja kila upande, skrubu ziingie kwenye ubao mnene wa ubavu au wa juu (si ule wa mgongoni) na kwenye ukuta imara, zikiwa na plagi zake za plastiki ndani ya ukuta. Lipu peke yake haishiki. Vitu vizito viende droo za chini.

La kujengea halina hofu hiyo likifungwa sawasawa, ila lina ugomvi mwingine: kuta haziko timazi, yaani hazijasimama wima kabisa. Upana upimwe sehemu tatu, chini, katikati na juu, na urefu vilevile kushoto, katikati na kulia. Tumia kipimo kidogo kuliko vyote, kisha punguza sm 1 hadi 2 kila upande. Pengo hilo linazibwa na ubao mwembamba unaochongwa kufuata ukuta: uegemeze ubao ukiwa wima kwa pimamaji, chukua kipande kidogo cha mbao chenye upana wa pengo kubwa zaidi, weka penseli kwenye ukingo wake, kiteremshe kikigusa ukuta muda wote. Penseli inachora kila kibonge na kila kishimo. Kata kwenye mstari huo. Fundi anayejaza pengo la sm 2 kwa silikoni, mwache aende zake.

Vipimo vichukuliwe baada ya lipu na vigae kumalizika, kamwe si kutoka kwenye ramani. Na ukuta ukauke, upakwe rangi hata pale patakapofichwa. Angalia soketi na swichi. Zinazosahaulika nyuma ya kabati ni nyingi mno.

Unyevu huyapata yote mawili. La kusimama liache sm 3 hadi 5 kutoka ukuta wa nje ili hewa ipite. La kujengea haliwezi kusogezwa, kwa hiyo litobolewe matundu ya hewa chini na juu, na lisimame juu ya kitako cha sm 10 ili maji ya kudeki yasifike kwenye mbao. Ubao wa unga wa mbao ukinywa maji huvimba kwenye kingo na haurudi tena.

Ndani, vipimo ni vilevile kwa yote. Kina cha sm 55 hadi 60, la sivyo hanga zinakaa upande. Milango ya kuteleza inakula sm 8 hadi 10 zaidi. Mashati yanataka sm 100 za kuning'inia, magauni marefu na kanzu sm 150 au 160. Bomba la kutundikia hanga likizidi mita moja liwekewe mhimili katikati. Mlango wa mita 2 unataka bawaba 4. Ukiwekewa 2 utalegea tu.

Kwa msomaji wetu: kama nyumba ni ya kupanga, nunua la kusimama lisilozidi sm 235, kwa sababu la kujengea utaliacha pale ulipoondoka. Kama nyumba ni yako na ukuta huo hauna unyevu, jenga. Ila kabla ya kumwita fundi, rudi na futi upime ule ukuta wa mita 2.4 sehemu tatu. Ikitokea 239 juu na 242 chini, kazi ianzie kwenye 239.